Njiani kuelekea Zirai

Barabara ya Zirai, katika milima ya Usambara, haimhurumii mwenye gari dogo lililozeeka. Ni kona juu ya kona, udongo ukiloa huteleza. Tulikuwa wanne, tumebeba sanda, karafuu maiti na ubani. Marehemu alikuwa asaliwe baada ya Adhuhuri, na waoshaji walikuwa wakitusubiri.

Katika mwinuko mmoja injini ilinguruma, gari lisisogee. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikapanda. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hulainisha vyuma, hupeleka nguvu na huondoa joto. Yakichakaa, sahani za klachi huteleza na kuungua, na milimani joto hilo huja upesi.

Vijana wa jirani, Mwenyezi Mungu awalipe, walikuja na kamba ili trekta likokote. Mwenzetu aliye fundi alikataa. Pampu ya mafuta hayo huendeshwa na injini. Gari likivutwa limezimwa huku magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yakizunguka, vyuma vya ndani husagana vikavu. Kulisukuma ili liwake, kama tulivyozoea kwa magari ya gia za mkono, nako hakufai kitu.

Basi sanda ilitangulia kwa bodaboda, nasi tukafuata kwa miguu, viatu vizito kwa tope. Tulifika safu za sala ya jeneza zikinyooshwa.

Gari lilikaa siku mbili kando ya shamba la iliki, hadi lilipopatikana lori la kulipakia zima, magurudumu yote juu.