Chai Isiyo na Sukari

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa heshima ya mgeni mara nyingi hupimwa kwa vijiko vya sukari. Mwenye sukari hukaribisha kwa furaha. Asiye nayo huona haya, na pengine humwacha mgeni apite mlangoni. Jambo hili latusikitisha, nasi twataka kulitazama kwa mfano wa Wajapani.

Mti wa chai hupenda nchi za juu zenye baridi na mvua nyingi, kama Rungwe, Mufindi na Usambara. Japani husimuliwa habari za Eisai, mtawa wa Kibudha, aliyeleta mbegu zake kutoka China mwaka 1191. Na mwaka 1211 aliandika kitabu cha kuisifu chai kwa afya ya mwili. Mti wao na wetu ni mmoja. Tofauti ni kazi ya mikono. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, husokotwa, kisha huachwa yageuke rangi. Yale ya Wajapani hutiwa mvuke upesi baada ya kuchumwa, yakabaki kijani. Na chai yao bora, iitwayo gyokuro, miti yake hufunikwa kivuli siku 20 hivi kabla ya kuchumwa, ili majani yazidi utamu.

Sisi tulipopewa kifuko cha sencha, chai yao ya kijani inayonywewa sana, tuliipika hivi. Maji ya kisima tuliyachemsha kwanza barabara, kwa ajili ya afya. Kisha tukayahamisha kutoka chombo hata chombo yapate kupoa kidogo, kwa maana maji yanayotokota huleta uchungu. Tukatia vijiko viwili vidogo vya majani katika buli, tukamimina maji, tukangoja dakika moja. Wala hatukujaza kikombe kimoja kwanza. Tulimimina kidogo kidogo kwa zamu, hata tone la mwisho, ili vikombe vyote viwe na nguvu sawa. Majani yale yale yalitufaa mara ya pili na ya tatu. Sukari hatukutia, wala hakuna aliyeiulizia.

Basi, hatuwaambii mtafute chai ya Japani, maana bei yake ni kubwa. Mchaichai umeota nyuma ya nyumba nyingi. Uchemsheni kwa maji safi, mmiminieni mgeni sawasawa na mwenyeji, mketi mzungumze naye. Bwana wetu alitaja thawabu ya kikombe cha maji ya baridi tu, sukari hakuitaja.