Yusuf wa Peponi na Sisi Mabinti wa Singida

Nimesoma riwaya kadhaa, na moja imenifungua mdomo. Ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapisha kwa Kiswahili 2022. Mimi ni fundi cherehani hapa Singida mjini, na mwalimu mmoja, mteja wangu, ndiye aliyeniazima.

Yusuf, mhusika mkuu, ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukadorora. Mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye Yusuf humdhani ndugu, hufikia pale, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Safari moja anaondoka na mtoto mwenyewe. Yusuf anapanda treni ya kwenda pwani kwa furaha. Ni huko pwani ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia katika duka la Aziz, anapomweleza kwamba Aziz si ndugu yake hata kidogo: baba yake anadaiwa, na yeye ndiye rehani.

Nilipofika hapo niliacha kukanyaga cherehani.

Nilitoka kijijini kwetu, wilaya ya Ikungi, nilipomaliza darasa la saba. Mwaka ule alizeti haikutoa kitu. Alikuja mama mmoja tuliyemwita shangazi, ingawa hatukuwa na undugu naye, akazungumza na baba chini ya mti mpaka jua likazama. Kesho yake mama alinifungia nguo zangu kwenye mfuko. Nilifurahi jamani! Basi liliposimama Manyoni, shangazi aliniletea soda baridi na mahindi ya kuchemsha dirishani, nikaona nimeshafika mjini. Dar es Salaam nililea watoto wa watu, nikafua, nikapika. Mshahara ulitumwa kwa baba kwa simu. Sikuwahi kuushika.

Wenye nyumba hawakunipiga wala kuninyima chakula, na hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nilitunzwa vizuri. Gurnah hakumfanya Aziz katili. Ni mtu mtulivu, mwenye adabu, ananukia manukato, na sauti yake haipandi. Yusuf anampenda! Nilisoma kurasa zile nikarudi nikazisoma tena, maana sikuwahi kuona mtu akiandika waziwazi kwamba mtoto anaweza kuchukuliwa kwa upole, kwa tabasamu na zawadi mkononi, na bado akawa amechukuliwa. Kumbe sikuhitaji kuonyesha makovu ndipo niaminike.

Nilisoma pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Wengi husema ni onyo kwa wasichana. Mimi naona inamhukumu Zakaria, baba mlevi aliyempiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Na Kuli ya Adam Shafi, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, ilinitia wivu. Makuli walikuwa wengi, wakakubaliana, kazi ikasimama. Binti wa kazi yuko peke yake jikoni. Agome na nani?

Baada ya Peponi nilikwenda nyumbani nikamweleza mama yote, tangu soda ya Manyoni. Alinyamaza, akaendelea kupepeta mtama. Kisha akasema, "Tulikuwa tunadaiwa mahindi, mwanangu." Hatukuwa tumewahi kulizungumza. Tulizungumza mpaka usiku, na tangu siku hiyo hakuna kitu ninachomficha mama yangu.

Haikuishia kwenye mazungumzo. Binti wa kaka yangu alipomaliza darasa la saba, akaja shangazi mwingine wa namna ileile na ahadi zilezile. Zamani ningekaa kimya. Safari hii nilifunga kibanda, nikapanda gari, nikasimama mbele ya kaka. Nilimwambia sekondari ya serikali haina ada tangu 2016, na Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto chini ya miaka 14 kuajiriwa. Sare za shule nitashona mwenyewe, madaftari nitanunua. Kaka alikasirika, na wapo waliosema mjini kumeniharibu. Shangazi aliondoka peke yake. Mtoto yuko kidato cha kwanza, na likizo akija kwangu namsomesha Peponi.

Nawe unayesoma haya, kama nyumbani kwako yuko binti wa kazi aliyetoka kwetu au kwingineko, muulize leo: mshahara wako unapokelewa na nani? Nani alikubali uje huku? Msikilize mpaka amalize, halafu mshahara wake umpe mkononi.