Namba Mbili za Igoma

Unaijua Mwanza? Kama bado, jipange uende na mwenzi wako. Mimi na mume wangu tulikwenda siku nne tu, kula sato na kupumzisha akili. Jioni ya kwanza tulikaa ufukweni tukitazama jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck. Yeye ananitania, mimi nacheka. Lakini kusema kweli, kicheko chenyewe kilikuwa cha juu juu.

Ndani ya mkoba nilikuwa na karatasi. Ofisini kwetu kuna basi dogo la kubeba wafanyakazi, na mimi ndiye ninayesaini kwamba limekaguliwa. Safari hii breki zilikuwa hazijapimwa. Bosi akaniambia, "Dada, wewe saini tu, mwezi ujao tunalipeleka gereji." Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Kesho yake tukapanda daladala hadi Igoma, barabara ya Musoma. Mume wangu ni mtu wa Bukoba, na kila akifika Mwanza lazima apite pale. Ndipo yalipo makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Mjomba wake alikuwemo. Mwili haukuonekana.

Meli hiyo ilipinduka asubuhi ya Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba, ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Hebu rudia kusoma hizo namba mbili, msomaji wangu.

Mume wangu hachagui kaburi. Anasimama popote, anasali.

"Utajuaje kama yumo hapa?" nikamwuliza.

"Sijui. Nawaombea wote, pengine mmoja ni wetu."

"Na hasira je?"

"Nilikuwa nazo miaka mingi. Sasa nimkasirikie nani? Kila aliyeongeza mtu alijiambia ni mmoja tu."

Nilijisikia kama nimepigwa kofi. Nikamwambia habari ya ile karatasi, palepale makaburini. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Hilo basi, wanapanda watu wangapi?" Ishirini na sita, mpenzi. Nawajua wote kwa majina.

Jioni mama mkwe alipiga simu kutujulia hali. Mama huyu aliapa hatakanyaga meli tena baada ya kumpoteza kaka yake. Mwaka 2020, MV Victoria iliporudi majini baada ya matengenezo makubwa, alipanda kwenda Bukoba, rozari mkononi njia nzima. "Mwanangu," aliniambia, "woga haukuniisha. Nilichoka tu kuuachia uniamulie."

Nilipokata simu yake, nikampigia bosi. "Samahani bosi, sitasaini." Alifoka, kisha akakata. Usiku ule sikulala vizuri, nisikudanganye.

Jumatatu basi lilikuwa limeegeshwa. Tulikwenda kazini kwa daladala, wenzangu wakininunia kwa nauli na msongamano. Bosi mpaka leo ananisalimia kwa shida, na sijui mkataba wangu utakuwaje ukifika mwisho.

Lakini kila asubuhi nawahesabu wakiingia ofisini, mmoja mmoja. Ishirini na sita. Wote wamefika.