Doa Jeusi kwenye Picha ya Video

Kunasa picha kutoka kwenye video inayocheza katika kompyuta ya nyumbani kulikuwa kazi ya kukatisha tamaa enzi za Windows 98 na Windows XP. Kitufe cha Print Screen kilinakili kila kitu bila shida: aikoni, saa ya pembeni, kingo za dirisha la programu ya video. Mahali pa video yenyewe palitoka doa jeusi, na kwenye kompyuta nyingine buluu iliyokoza au zambarau kali. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, kwa hiyo tatizo hili lilidumu majumbani muda mrefu.

Chanzo chake kilikuwa namna video ilivyofikishwa kwenye skrini. Prosesa za wakati ule zilielemewa na kazi ya kubadili rangi na ukubwa wa kila fremu, hivyo kazi hiyo ikaachiwa kadi ya video. Fremu ziliwekwa katika sehemu ya pekee ya kumbukumbu ya kadi, mbali na picha ya madirisha mengine. Windows nayo ilipaka rangi moja tu pale video ilipotakiwa kuonekana, mithili ya fundi anayejenga ukuta na kuacha tundu ili mwingine aje kutia dirisha. Kadi ilipopeleka picha kwenye skrini, kila ilipokuta rangi ile ilitia video mahali pake. Print Screen ilinakili ukuta na tundu lake, dirisha halikuwamo.

Kilichowachanganya watu zaidi kilitokea ndani ya Paint. Picha ikishabandikwa, video ilionekana humo vizuri kabisa, tena ikicheza! Kadi ilikuwa imeikuta rangi yake ndani ya dirisha la Paint na kuijaza kama kawaida. Mtu alihifadhi faili kwa furaha, akaifunga programu ya video, na picha ikageuka nyeusi. Au aliipeleka faili kwenye duka la steshenari ikachapwe, na huko ikafunguka doa tupu. Lawama zikaenda kwa virusi, au kwa diski iliyobeba faili, ilhali faili ilikuwa nzima tangu mwanzo. Haikuwa na kitu kingine zaidi ya rangi. Kipimo rahisi kilikuwa kulisogeza dirisha la Paint. Kama video ilibaki palepale huku dirisha likihama, hakuna kilichonaswa.

Tiba iliyoenea ilikuwa kupunguza msaada wa kadi ya video, ama katika mipangilio ya Windows Media Player au katika mipangilio ya skrini ya Windows, ambako kulikuwa na kitelezi cha kuvuta kushoto. Video ilianza kukwamakwama, lakini picha ilinasika. Wajanja walikuwa na njia nyingine: kufungua programu mbili za video kwa pamoja. Kadi nyingi ziliweza kubeba video moja tu kwa namna ile, hivyo programu ya pili ililazimika kuchora video yake kwenye skrini kama dirisha la kawaida, na hiyo ndiyo iliyonaswa.

Njia bora ilikuwa, na bado ni, kuiacha skrini na kuchukua fremu kutoka kwenye programu inayocheza video. VLC ina amri hiyo. Kwenye Windows ni Shift na S, na picha huhifadhiwa moja kwa moja. Fremu hutoka kwa ukubwa wake halisi, na hapo dosari za video nazo hujitokeza. VCD ya mfumo wa PAL ina nukta 352 kwa 288 tu, kwa hiyo picha yake haifai kukuzwa kuwa bango. DVD ya PAL ina 720 kwa 576. Ikiwa filamu ni ya skrini pana, fremu isiyorekebishwa huonyesha nyuso zilizobanwa, hadi upana wake unyooshwe kufikia nukta 1024. Mistari kama meno ya kitana pembeni mwa kitu kinachokwenda mbio hutokana na fremu iliyoundwa kwa nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Kitufe cha D katika VLC huwasha kichujio cha kuiondoa.

Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilibadili msingi wa mambo. Kila dirisha lilianza kuchorwa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha yote yakaunganishwa kuwa picha moja, video ikiwamo. Windows 7 ikafuata mwaka 2009, na doa jeusi likawa nadra.

Leo limerudi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: kompyuta mpakato yenye chipu mbili za michoro huweza kutoa skrini nyeusi katika programu ya kurekodi kama OBS, kwa kuwa OBS inatumia chipu moja na skrini inachorwa na nyingine. Kuihamishia OBS kwenye chipu inayochora skrini, katika mipangilio ya michoro ya Windows, humaliza tatizo.

Ya pili ni kufuli. Filamu za Netflix na huduma kama hizo husafirishwa zikiwa zimesimbwa, na mfumo huzuia zisinakiliwe. Kuitambua hali hii si vigumu: cheza katika kivinjari hichohicho video iliyorekodiwa kwa simu. Ikinasika vizuri na filamu ikabaki nyeusi, kompyuta haina ubovu wowote. Kubadilisha kadi au kusakinisha Windows upya ni kupoteza fedha na muda. Anayehitaji picha ya filamu hiyo kwa makala au somo aiombe kwa watayarishaji. Kampuni nyingi za filamu huwa na picha maalumu kwa ajili ya vyombo vya habari, na hizo ni safi kuliko fremu yoyote ya kunasa.