Mtoto wa kisu

Siku ya sita baada ya operesheni nilirudi kijijini kwa mama mkwe, wilayani Ikungi, nimekaa kiti cha mbele cha Noah na mto mdogo nimeubana tumboni. Kutoka Singida mjini lami ni nzuri. Tulipoiacha barabara kuu ndipo shughuli ilipoanza. Dereva alikuwa mstaarabu, kila shimo anasema "pole dada," lakini pole haizuii mtikisiko.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Mtoto akapita mkono hadi mkono, akatafutiwa sura ya babu yake. Kisha shangazi wa mume wangu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo wewe hukusukuma?"

Nikasema hapana, nilipasuliwa.

"Basi hukuzaa, mwanangu. Wamekutolea tu."

Wote wakacheka. Nilitaka kucheka nao nikashindwa, maana kucheka kulikuwa kunauma. Kukohoa ndio usiseme. Uchungu niliupata, usiku kucha na mchana wake, mpaka mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka na daktari akasema hatusubiri tena. Ila hayo sikuyaeleza. Unaanzaje kujitetea kwamba umezaa, na mtoto yupo pale analia?

Usiku ule nilimkumbuka Macduff. Mliosoma Makbeth, ile tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, mnajua mzuka ulivyomhakikishia mfalme kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Mwishoni anatokea Macduff, aliyetolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati, na habari ya mfalme inaishia hapo. Shuleni tulijadili uchu wa madaraka, tukajadili na hila ya maneno. Mama yake Macduff hatukumjadili, na Shakespeare mwenyewe hakumpa hata jina. Yaani tamthilia nzima inaamuliwa na hoja ileile ya shangazi: mtoto wa kisu hakuzaliwa na mwanamke.

Nesi alikuwa ameniambia nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Mtoto alikuwa na kilo 3.2. Ndoo ya maji ni lita 20. Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, kila mwenye mikono yuko shambani, mimi nimebaki uani kama mgeni, najifunza kuamka kitandani kwa ubavu, kwanza kiwiko, halafu miguu, halafu kupumua. Walipotaka kunikanda tumbo kwa maji ya moto nikakataa. Likapita neno kwamba mwalimu anajidai.

Wiki ya pili nikaenda kliniki. Mtoto akapimwa uzito, nukta ikawekwa kwenye kadi, nesi akafurahi. "Mama unanyonyesha?" Nikasema ndiyo. Ikawa imekwisha. Wakati huo pembe ya kulia ya mshono ilikuwa na siku tatu inatoa majimaji. Mbona sikusema? Nimejiuliza sana. Nadhani nilishachoka kuwa yule ambaye hakusukuma, anayekaa uani, halafu bado analalamika.

Aliyegundua ni mama mkwe. Hakuwa amesema lolote siku ile ya vigelegele, alicheka na wenzake tu. Usiku akaingia chumbani na tochi ya simu, akafunga mlango, akasema, "Fungua khanga nione." Nikafungua. Alitazama kwa muda mrefu, tochi imetulia, halafu akanifunika mwenyewe kama anavyofunikwa mtoto. Alfajiri aliuza majogoo wawili, ikapatikana nauli. Kule kliniki nesi alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Mama mkwe akamzuia.

"Huyo mlishamuona. Mwangalieni na huyu."

Kidonda kilisafishwa kila siku kwa wiki tatu. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ilipokwisha nilirudi darasani, naandika ubao mkono mmoja, mwingine umeshika tumbo.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitaja vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulitaja 104. Nazifurahia hizo namba, tena sana, kwa sababu bila kisu mimi na mwanangu pengine tungekuwa upande wake mbaya. Lakini kwenye hesabu hiyo mtu ni hai au amekufa. Anayeamka kwa ubavu, anayeogopa kurudi kwa mume wake, anayeshtuka siku zake zikichelewa, wote hao wameandikwa hai, na kitabu kimefungwa.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Shangazi anauliza mdogo wake anakuja lini. Mama mkwe hajawahi kuuliza hilo. Akija kututembelea husubiri tubaki wawili, ndipo anauliza kwa sauti ya chini, "Pale pembeni panaendeleaje?"

Namwambia pamepona, ila kuna baridi panawasha.

"Nione," anasema.

Naye huangalia kweli.