Fimbo Nne za Mwarobaini

Mwaka 1986 nilikuwa nikifundisha kemia katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga. Naitreti ya fedha ilikuwa ghali na adimu. Niliifungia kabatini ndani ya chupa ya kahawia, kwa kuwa mwanga huiharibu.

Jioni moja nilimkuta kijana wa kidato cha tatu amechanganya kiasi kidogo cha kemikali hiyo na maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Mchanganyiko ule ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia. "Mwalimu, hebu tazama," aliniambia kwa furaha. Sikutazama. Niliumwaga, nikamchapa fimbo nne kwa kuharibu mali ya shule. Mwaka uliofuata aliacha masomo, akaenda Geita kuchimba dhahabu.

Hivi karibuni mjukuu wangu, aliyeko chuo kikuu, alinieleza kile nilichokimwaga. Majani yana viini vinavyoigeuza chumvi ya fedha kuwa chembe za fedha halisi, tena huzifunika zisigandamane. Kila chembe haifiki nanomita 100. Ukizipanga elfu kumi mstari mmoja, hazitimizi milimita moja. Rangi ya kahawia ndiyo dalili kwamba zimepatikana. Wanasayansi wa Pune, India, walitangaza kazi hiyo ya majani ya mwarobaini mwaka 2004. Maabarani chembe hizi huua bakteria, na majani huepusha matumizi ya kemikali kali katika kuzitengeneza.

La hasha, msomaji, usiende kuzipika jikoni. Fedha ikizidi mwilini huigeuza ngozi kuwa ya kijivu, wala haitakati tena. Hospitali hutumia krimu ya fedha kwa majeraha ya moto, lakini kwa kipimo cha wataalamu.

Nilionana na yule kijana Geita mwaka 2011, mvi zimeshamwota. Miaka mingi alikuwa amekamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma, na moshi wa zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. "Shikamoo, mwalimu," alisema, akaninunulia soda. Mikono yake ilitetemeka alipoifungua.

Sisemi kwamba fimbo zangu ndizo zilizompeleka machimboni. Siwezi pia kuapa kwamba hazikumsukuma. Nikijaliwa nitamrudia, nimwambie kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Nanyi walimu mlio kazini, mwanafunzi akiwaambia "hebu tazama", tazameni kwanza.