Unga Haukuumuka

Kwetu Mtongwe kuna hadithi moja niliyoisikia hata kabla sijajua kusoma.

Asubuhi ya Aprili 29, 1994, siku ya Ijumaa, mama alikuwa apande feri kwenda ng'ambo kuwauzia wafanyakazi wa bandarini mahamri na mbaazi. Unga haukuumuka. Hamira ilikuwa mbovu. Akabaki jikoni akimlaani mwenye duka, na feri ikaondoka bila yeye. Haikufika. Ilipinduka karibu na gati, na watu zaidi ya 270 wakafa maji.

Mama huimaliza kwa mzaha: "Mimi niliokolewa na hamira bandia." Wageni hucheka, chai humiminwa, mazungumzo yakahamia kwingine.

Nilipoanza kuandika hadithi fupi nilijua hii lazima niiandike. Nani aache mali kama hiyo ilale bure? Mimi ni wa kizazi kilichofanya *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora shuleni, nikakariri taharuki, kinaya na mbinu rejeshi kama mtu anayekariri namba za simu. Kwa hiyo nilijipanga. Katika hadithi yangu mwanamke anaota maji usiku wa kuamkia safari. Anasikia sauti ya marehemu babake ikimwita arudi. Anasimama ufuoni akilia huku feri ikienda zake. Nilipomaliza nilijiona noma. Marafiki wawili waliniambia wametokwa na machozi.

Jumapili moja nikamsomea mama. Alikuwa kibarazani na uteo, achagua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sikuota. Na hamira iko wapi?"

Nikaanza kumweleza. Hamira ni kitu kidogo mno kwa jambo kubwa kama lile. Msomaji ataka sababu yenye uzito, asiposhika sababu haamini.

"Sababu ni hiyo hiyo," akasema. "Wewe ukiniotesha ndoto, wasema Mungu aliniamsha mimi, wenzangu akawaacha walale. Wao walikosa nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nimehudhuria warsha za uandishi na kusoma makala chungu nzima kuhusu namna ya kuunda tukio, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukimpamba aliyepona, unaweza kumhukumu aliyekufa.

Nilidhani yamekwisha. Akaendelea kuchagua mchele, kisha akasema, kama anayeuambia uteo:

"Shoga yangu alikuja kunipitia asubuhi ile. Twafuatana kila siku. Nikamwambia tangulia, niwekee nafasi yangu pale kivulini, mimi nakuja na ya pili. Akasema basi nipe sufuria ya mbaazi niende nayo, usije ukalemewa. Nikampa."

Miaka yote hiyo. Nimekula mbaazi za mama, nimesikia mzaha wa hamira mbele ya wageni sijui mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini unaishia palepale kila mara. Nilidhani kile kicheko ndicho hadithi, kumbe kilikuwa kifuniko.

"Na unga?" nikauliza, kwa kukosa la kusema.

"Uliumuka mchana. Mahamri yakatoka mazuri, sijapata kupika mazuri vile. Nikayapeleka kwao, watu washajaa."

Nilikaa kimya kitambo. Halafu nikauliza swali ambalo mwandishi yeyote mwenye aibu angelimeza: naweza kuiandika hii?

Alinitazama kwa muda. "Andika. Jina lake usilitie, ana watoto. Na mimi usiniweke nikilia. Siku ile sikulia."

Nimeifuta ile hadithi ya ndoto. Mpya sijaimaliza. Kila nikiketi usiku baada ya nyumba kutulia, nakwama mlangoni: wanawake wawili, sufuria moja inatoka mkono huu kwenda ule. Sitaki kuongeza kitu. Zamani ningeweka hata mawingu.

Nina binti wa miaka sita. Kila usiku lazima tuanze na paukwa, pakawa, la sivyo halali. Juzi tulivuka Likoni yeye, mimi na bibi yake, na tuliporudi nyumbani akanionyesha kifundo cha mkono.

"Mbona bibi alinishika kwa nguvu vile?"

Ningeweza kumpa sungura na fisi, akalala. Lakini nikamweleza, kidogo kidogo, kwa maneno ya umri wake: unga, hamira, rafiki aliyetangulia, feri iliyozama. Sikutia ndoto wala sauti. Alisikiliza macho makavu, kama bibi yake.

"Rafiki yake hakurudi?"

"Hakurudi."

Akafikiri. "Na sufuria?"

Hilo sikuwahi kumuuliza mama. Nilimfunika leso, nikazima taa, nikarudi mezani. Sikuandika chochote usiku ule.

Jumapili nitaenda kumsaidia kuchagua mchele. Nitamuuliza.